Trauti Maziwani na Mitoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) yako Mkomani, hapa Mombasa. Ndiyo maana maswali ya trauti, samaki ambaye maji yetu ya Pwani yangemuua upesi, huulizwa huku mara nyingi kuliko mtu angedhani: na wanafunzi wa mafunzo ya nyanjani, wapishi wa hoteli, wavuvi wa bahari wenye udadisi, na wazazi waliorudi kutoka bara na picha za samaki mwenye madoadoa. Yafuatayo ni yale yanayorudi kila mara. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Misingi

1. Trauti ni samaki gani, na Kenya tuna aina ngapi?

Ni samaki wa maji matamu yaliyo baridi, wa jamaa moja na salmoni. Kenya tuna wawili. Trauti kahawia (*Salmo trutta*) asili yake ni Ulaya, Asia Magharibi na milima ya Afrika Kaskazini. Trauti upinde-mvua (*Oncorhynchus mykiss*) asili yake ni mito inayomwaga maji Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika Kaskazini na wa Kamchatka, Urusi. Ukikuta kitabu cha zamani kinamwita huyu wa pili *Salmo gairdneri*, ni samaki yuleyule. Jina la kisayansi lilibadilishwa mwaka 1989.

Kuwatofautisha si kazi. Upinde-mvua ana utepe wa rangi ya waridi ubavuni na madoa madogo meusi yanayoenea hadi kwenye mkia. Kahawia ana madoa makubwa zaidi, mara nyingi mengine mekundu yenye duara la rangi hafifu, na mkia wake karibu hauna madoa. Wote wawili wana kipezi kidogo cha nyama, kisicho na miiba, kati ya pezi la mgongo na mkia. Changu hana, tasi hana, kolekole hana. Kipezi hicho kitarudi katika swali la mwisho.

2. Samaki wa Mlima Kenya anatuhusu nini sisi wa Mombasa?

Anatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba KMFRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, hufanya utafiti wa bahari na wa maji ya bara pia. Ina vituo Kisumu, Naivasha, Sagana na kwingineko. Kijana wa Likoni anayesomea uvuvi anaweza kabisa kujikuta ameshika kipimajoto ndani ya kijito chenye ubaridi wa kuuma mifupa.

Ya pili ni mto wenyewe. Gura, Chania, Ragati, Thiba na Sagana ni mito ya trauti, na yote huingia Tana. Tana hutiririka hadi Kipini, ikamwaga maji katika Ghuba ya Ungwana, ambako uvuvi wa kamba hutegemea maji na rutuba inayoletwa na mto huo. Udongo unaomomonyoka kwenye shamba la mteremko bara huziba kwanza mazalio ya trauti, kisha hujaza bwawa la Masinga, na unaobaki hushuka kwetu. Mtafiti wa kijito cha juu na mtafiti wa mdomo wa mto wanachunguza maji yaleyale kwa nyakati tofauti.

3. Walifikaje Kenya?

Waliletwa. Kabla ya mwaka 1905 hapakuwa na trauti hata mmoja katika mito yetu. Mwaka huo mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti. Njia ya kuingia nchini wakati huo ilikuwa bandari ya Mombasa na reli. Kutoka relini, wapagazi waliyapandisha mayai milima ya Aberdare hadi Mto Gura. Nia ilikuwa starehe ya walowezi kuvua kwa ufito. Upinde-mvua alifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kutotolesha vifaranga cha Kiganjo, karibu na Nyeri.

Mayai yaliyokwisha kuota macho (yaani macho ya kifaranga yanaonekana ndani ya yai) huvumilia safari ndefu yakiwekwa kwenye ubaridi na unyevu. Watu walikuwa wamejifunza hivyo mwaka 1864, mayai ya trauti yaliyosafirishwa kwa meli ya Norfolk kutoka Uingereza yalipofika Tasmania yakiwa ndani ya barafu na kuvumwani.

4. Wanapatikana wapi leo?

Zaidi katika vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, kwa kawaida juu ya mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Wapo pia Mlima Elgon, Cherangani na pembezoni mwa msitu wa Mau upande wa Kericho. Kwa maziwa, yanayotajwa zaidi ni Alice, Rutundu na Ellis, yote upande wa mashariki na kaskazini mashariki mwa Mlima Kenya.

5. Naweza kufuga trauti Mombasa?

Hapana. Trauti hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzijoto 12 na 17. Yakifika 20 huanza kuhangaika, na yakikaribia 25 hufa. Maji ya bomba au ya kisima hapa kwetu huwa ya nyuzijoto 26 hadi 28 bila hata kuanikwa juani. Kuna mashine za kupoza maji, ila gharama ya umeme usiku na mchana itakumaliza kabla samaki hajafika sahani. Mwenye bwawa Kilifi au Kwale afuge mwatiko, sato au kambale.

6. Yule trauti wa hotelini, mwenye nyama ya rangi ya machungwa, ametoka mtoni?

Ametoka shambani, wa hapa nchini au wa kuagizwa akiwa kwenye barafu. Rangi hutoka kwenye chakula: trauti wa porini huipata kwa kula wadudu na viumbe wenye magamba, wa shambani huwekewa rangi hiyo hiyo, astaksanthini, ndani ya chakula cha punje.

## Maisha yake majini

7. Anazaaje?

Hapa ndipo penye moyo wa mambo yote, kwa hiyo soma polepole.

Jike huchagua sehemu yenye changarawe safi ambapo maji yanapita kwa kasi ya wastani. Hulala ubavu na kupiga mkia hadi achimbe shimo, hutaga, dume humwaga manii, kisha jike huchimba mbele kidogo ili changarawe iliyotifuka ifunike mayai. Jike la kilo moja hubeba mayai kama 2,000. Baada ya hapo wazazi huondoka. Hakuna anayelinda.

Mayai hukaa chini ya changarawe yakitegemea kitu kimoja tu: maji yenye oksijeni yapenye kati ya mawe. Maji yakiwa nyuzijoto 10, ya upinde-mvua huanguliwa baada ya mwezi hivi. Ya kahawia huchukua muda mrefu zaidi. Wanaoanguliwa hubaki humo chini kwa wiki kadhaa wakimaliza kiini cha yai. Katika muda wote huo, tope laini likishuka na kujaza nafasi kati ya mawe, mayai hukosa pumzi na vifaranga hushindwa kupanda juu. Mto unaweza kuonekana mzuri, maji yakawa baridi, watu wazima wakawepo, na bado usizae kitu kwa sababu ng'ombe wanavuka hatua mia moja juu ya zalio.

Katika nchi za baridi, urefu wa mchana unaobadilika ndio humwambia trauti msimu wa kuzaa umefika. Kwetu kwenye ikweta mchana haubadiliki, hivyo mvua na ubaridi wa maji vina nguvu zaidi, na mito miwili ya jirani inaweza kutofautiana. Usichukue kalenda ya Ulaya ukaitumia Nyeri. Pima mto wako.

8. Kuna tofauti gani kati ya trauti wa ziwani na wa mtoni?

Wa mtoni hushika sehemu yake nyuma ya jiwe au chini ya ukingo na kusubiri chakula kiletwe na maji. Idadi yao hupangwa na maficho yaliyopo na maji yanayobaki wakati wa kiangazi. Wa ziwani huzunguka akitafuta, na mara nyingi hukua zaidi.

Ila ziwa lina shida yake: trauti huhitaji maji yanayotembea ili azae. Ziwa lisilo na kijito chenye changarawe litakuwa na samaki wachache wakubwa, kisha siku moja hakuna. Ziwa lenye kijito kizuri mno, na chakula haba, hujaa samaki waliodumaa, vichwa vikubwa na miili membamba. Katika ziwa la namna hiyo kuvua zaidi ni dawa, na watu hukataa kuliamini hilo hadi uwaonyeshe uzito wa samaki kabla na baada.

9. Anakula nini?

Wadudu wa majini zaidi, kisha kaa wa mtoni, konokono, na panzi au sisimizi wanaoanguka kutoka kwenye nyasi za ukingoni. Kahawia mkubwa hula samaki wenzake.

10. Maji ya juu mlimani si ndiyo yenye oksijeni nyingi kuliko yote?

Watu wengi hudhani hivyo, na hesabu yao iko nusu. Ni kweli maji baridi hubeba oksijeni zaidi: kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzijoto 10 hubeba miligramu kama 11.3, na ya nyuzijoto 28 hubeba kama 7.8. Lakini ukipanda mita 3,000 kanieneo ya hewa hushuka hadi karibu asilimia 70 ya ile ya Mombasa, na oksijeni inayoweza kuyeyuka hushuka nayo. Maji ya nyuzijoto 10 kule juu yana miligramu karibu 7.8 kwa lita, sawa na maji ya kwetu ya nyuzijoto 28.

Kwa nini basi trauti aishi kule afe huku? Kwa sababu mwili wa samaki ukiwa baridi hutumia oksijeni kidogo, na ukiwa moto hutumia nyingi. Tatizo ni kwamba yule wa mlimani hana akiba kubwa. Trauti hutaka angalau miligramu 6. Kijito kikipungua, maporomoko yanayochanganya hewa na maji yakatulia, majani yakaanza kuoza kwenye vidimbwi, akiba hiyo ndogo huisha. Mtafiti anayepima joto bila kupima oksijeni amepima nusu.

## Utafiti

11. Mnawahesabuje samaki wa mtoni bila kukausha mto?

Kwa njia ya kuondoa. Kipande cha mto, tuseme mita 100, huzibwa nyavu juu na chini. Watafiti hupita na mashine ya umeme mgongoni. Mkondo wa umeme humvuta samaki kuelekea kwenye fimbo na kumlegeza, akachotwa. Wanaopatikana huwekwa kwenye ndoo zenye maji yanayobadilishwa. Kisha hupitwa mara ya pili, na kwa kawaida ya tatu, kwa bidii ileile.

Hesabu iko katika namna wanavyopungua. Ukipata 50 mara ya kwanza na 25 mara ya pili, zidisha 50 kwa 50 upate 2,500, gawanya kwa tofauti ya 50 na 25, yaani 25. Jibu ni 100. Kama mara ya pili umepata 48, njia imekataa: haukuwapunguza, na namba yoyote utakayoandika ni ya kubuni. Iache.

12. Na ziwani?

Umeme hausaidii kwenye kina. Hutumiwa nyavu za matundu ya ukubwa mbalimbali zilizounganishwa, ili wadogo na wakubwa wote wawe na nafasi ya kunaswa. Nyavu huua, kwa hiyo katika ziwa dogo la mlimani hutegwa chache na kwa muda mfupi.

Njia nyingine ni kutia alama. Alinyoosha njia hii mtafiti wa Denmark, C. G. J. Petersen, miaka ya 1890. Tuseme umekamata samaki 80, ukawatia alama na kuwarudisha. Baada ya wiki mbili ukakamata 60, na 12 kati yao wana alama. Zidisha 80 kwa 60, gawanya kwa 12: ziwani kuna kama 400. Hesabu hiyo husimama ikiwa tu alama hazijapotea, wenye alama hawajafa kwa sababu ya kushikwa, na wamechanganyika na wenzao.

13. Umeme haumuumizi samaki? Nasi baharini tunaweza kutumia?

Unaweza kumuumiza, hasa mkubwa. Uti wa mgongo huvunjika mawimbi ya umeme yakiwa makali. Timu nzuri hutumia mkondo mnyoofu na nguvu ya chini kabisa inayofaa. Maji ya mlimani yana madini machache, hivyo hupitisha umeme kwa shida na mashine huhitaji volti nyingi. Baharini ni kinyume: chumvi hupitisha umeme vizuri mno na mashine hizi hazifanyi kazi. Na sheria hairuhusu mtu asiye na kibali kuvua kwa umeme popote.

14. Umri wa trauti hujulikanaje?

Ulaya husomwa kwenye magamba au kijiwe cha sikio: majira ya baridi samaki hukua polepole na pete hukaribiana. Kwetu, joto la kijito hubadilika zaidi kati ya mchana na usiku kuliko kati ya mwezi na mwezi, kwa hiyo pete huwa hafifu au za uongo. Anayehesabu pete za trauti wa Gura kama anahesabu wa Uskoti atakosea. Njia ya kuaminika ni kumtia alama, kumpima, na kumpima tena akikamatwa baada ya miezi. Vipimo vya urefu vya samaki wengi, vikichukuliwa mfululizo, navyo huonyesha makundi ya rika.

15. Kwa nini mnakusanya wadudu wakati mnachunguza samaki?

Kwa sababu wadudu hawadanganyi. Kipimo cha maji huonyesha saa ile tu uliyopima. Dawa ya shamba iliyopita juzi usiku imeshakwenda. Funza wa inzi-mawe na wa inzi-siku-moja hukaa mtoni kwa miezi na hawavumilii uchafu. Unatifua changarawe kwa mguu mbele ya kiwavu, unamwaga kwenye sinia jeupe na kuhesabu aina. Wakibaki minyoo myekundu na funza wa mbu-maji peke yao, mto umeshakueleza.

16. Wavuvi wa starehe wanaweza kusaidia utafiti?

Sana, kuliko mashine yoyote, wakiandika ukweli. Kinachohitajika ni tarehe, sehemu, saa alizovua, samaki aliopata, urefu wao, na wangapi alirudisha.

Kosa kubwa ni kutoandika siku ya kurudi mikono mitupu. Chukua wavuvi watano, kila mmoja amevua saa nne: saa 20 kwa jumla. Wamepata samaki 10, yaani nusu samaki kwa saa. Sasa tuseme wawili hawakupata kitu na hawakuandika. Daftari litaonyesha saa 12 na samaki 10, karibu samaki mmoja kwa saa, na mto unaokufa utasomeka kama mto wenye neema. Wale wanaoandika mavuno kwenye vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, kuanzia Vanga hadi Kiunga wanalijua hili: siku ya bure nayo ni habari.

## Usimamizi

17. Nani mwenye mamlaka?

Si mmoja. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Serikali za kaunti zina kazi zao za uvuvi chini ya Katiba ya 2010. Ndani ya hifadhi za taifa za Mlima Kenya na Aberdare ni Huduma ya Wanyamapori (KWS), kwenye misitu ya serikali ni Huduma ya Misitu (KFS), na maji yenyewe yako chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kijito kimoja kinaweza kupita mikononi mwa wote. Ndiyo maana mkutano unaohusu samaki peke yake mara nyingi hauzai kitu, kwani anayetoa kibali cha kuchota maji hakualikwa.

18. Nikitaka kwenda kuvua nahitaji nini?

Leseni ya uvuvi, na ruhusa ya kuingia hifadhini au msituni. Katika maji ya trauti hutakiwa ufito na nzi wa bandia, yaani ndoano iliyovikwa ifanane na mdudu. Nyavu na sumu ni marufuku. Idadi ya kuchukua na urefu wa chini hupangwa na kanuni, nazo hubadilika pamoja na ada, kwa hiyo uliza ofisi ya uvuvi ya kaunti au lango la hifadhi kabla ya kufunga safari.

19. Samaki wamepungua. Kwa nini tusimwage vifaranga zaidi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira zaidi, na namwelewa anayeuliza. Kumwaga vifaranga kunaonekana: lori linafika, picha zinapigwa, watu wanapiga makofi. Lakini kama samaki wamepungua kwa sababu mazalio yamezibwa na tope au mto umekauka nusu, vifaranga wapya wataikuta hali ileile iliyowaua waliotangulia.

Tena wanaweza kudhuru. Samaki wa kituoni amelelewa kwenye msongamano na kulishwa kwa saa. Akitupwa mtoni hajui kushika sehemu yake. Anagombana na wenyeji, wote wawili wanapoteza nguvu, na mwishowe mgeni hufa na mwenyeji amekonda. Jimbo la Montana, Marekani, lilikuwa likimwaga trauti kwa wingi. Mtafiti Dick Vincent alipolinganisha vipande vya Mto Madison na kijito cha O'Dell, alikuta kwamba pale umwagaji ulipokomeshwa trauti wa porini waliongezeka, na pale ulipoanzishwa walipungua. Mwaka 1974 jimbo likaacha kumwaga trauti katika mito yenye samaki wanaozaa wenyewe. Wavuvi walipinga vikali, lakini mito ile hadi leo husifiwa duniani kote.

Umwagaji una mahali pake: ziwa lisilo na kijito cha kuzalia (swali la 8), au kijito kilichopoteza samaki wote kwa ukame au sumu, baada ya chanzo kuondolewa. Kwa maneno haya ya mwisho sirudi nyuma hata hatua moja.

20. Basi tufanye nini?

Anza na kipimajoto kinachojiandikia. Ni kifaa kidogo, unakifunga kwenye jiwe, kinaandika joto kila saa mwaka mzima. Tazama saa zile za joto kali. Wastani huficha saa tatu za alasiri zilizowaua samaki.

Kisha tazama kingo. Miti na vichaka vya asili hutia kivuli, hushika udongo na huangusha wadudu. Zuia ng'ombe wasishuke kila mahali. Wape njia moja ya kunywea iliyojengwa kwa mawe. Angalia makaravati ya barabara: bomba lililoning'inia nusu mita juu ya maji ni ukuta kwa samaki anayepanda kuzaa.

Na maji. Naro Moru, Burguret na Nanyuki, zinazoelekea Ewaso Ng'iro, hupungua vibaya miezi ya kiangazi kwa sababu mifereji na pampu za mashamba huchota zote kwa wakati mmoja. Vyama vya watumiaji maji vimejaribu zamu za kuchota, na pale zamu inapoheshimiwa mto hubaki na uhai. Hiyo ni kazi ya trauti hata kama hakuna aliyemtaja trauti kwenye kikao.

21. Urefu wa chini unatosha kuwalinda?

Unasaidia kila samaki azae walau mara moja. Udhaifu wake ni kwamba wavuvi wote huelekezwa kwa wakubwa, na jike kubwa ndilo lenye mayai mengi. Baadhi ya maji hutumia kanuni ya katikati: chukua wadogo wachache, rudisha wa katikati na wakubwa. Katika ziwa la samaki waliodumaa, urefu wa chini huzidisha shida.

22. Kuvua na kurudisha kunaokoa samaki kweli?

Kunaokoa, maji yakiwa baridi na mkono ukiwa mwepesi. Ndoano isiyo na kijino, mikono iliyoloweshwa, samaki asitolewe majini zaidi ya sekunde chache. Maji yakipita nyuzijoto 20, acha. Samaki ataogelea na kuondoka mbele ya macho yako, kisha afe mahali usipomwona. Montana hufunga uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi usiku wa manane katika mito inayofikia karibu nyuzijoto 23 siku tatu mfululizo. Ni kanuni nzuri, nasi tungeweza kuiga.

23. Tengefu kama za Pwani, yaani sehemu zilizofungwa zisivuliwe, zinaweza kufanya kazi mtoni?

Zinaweza, tena kwa eneo dogo. Huku Pwani, sehemu ya bahari ya Kuruwitu, Kilifi, ilifungwa na wenyeji wenyewe. Mtoni funga kipande chenye zalio na kidimbwi cha juu yake. Lakini tengefu ya mtoni isiyo na udhibiti wa maji ya juu yake hailindi kitu.

## Maswali magumu

24. Trauti si spishi vamizi? Kwa nini tumlinde?

Swali la haki. Aina zote mbili zimo kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani iliyotolewa chini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile. Katika maziwa ya Sierra Nevada, California, trauti waliomwagwa walimaliza vyura wa milimani. Walipoondolewa, vyura walirudi. Ziwa Titicaca, upinde-mvua aliyeletwa miaka ya 1940 aliwasonga samaki wenyeji.

Msimamo wangu ni huu. Alipokwisha zoea kwa zaidi ya miaka mia na watu wana kipato kwake, asimamiwe kwa vipimo. Asipofika bado, asifikishwe. Na pale alipo, utafiti uhesabu wenyeji pia: kambale mdogo wa milimani wa jenasi ya *Amphilius*, kaa na vyura. Ripoti ya kijito isiyotaja hawa haijakamilika.

25. Nasikia wapo trauti wanaoishi baharini. Kwa nini wetu hawafiki Kipini?

Ni kweli, kwenye nchi za baridi wote wawili wana koo zinazoshuka baharini na kurudi mtoni kuzaa. Kwetu joto ni ukuta. Tana ikishuka nyanda za chini maji yake huwa moto kupita anavyoweza kuvumilia, mamia ya kilomita kabla ya bahari. Anayesafiri njia hiyo ni mkunga wa mtoni wa jenasi ya *Anguilla*: huzaliwa Bahari ya Hindi na kupanda mto akiwa mdogo. Naye siku hizi amezibiwa na mabwawa, kuanzia Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la 1988.

26. Nikihamisha vifaranga wachache kutoka kijito kimoja hadi kingine kuna ubaya?

Kuna ubaya, na bila kibali ni kosa. Mbali na yaliyosemwa katika swali la 24, unahamisha magonjwa. Kimelea *Myxobolus cerebralis* hula gegedu la kichwa na uti wa samaki mchanga hadi akaogelea akizunguka; mbegu zake hukaa kwenye tope kwa miaka. Viatu navyo hubeba. Nyuzilandi, mwani wa didimo ulipogunduliwa mwaka 2004 ukiziba mito, ilifuata marufuku ya viatu vya soli ya sufu. Kausha viatu na nyavu kabisa kabla ya kubadilisha mto.

27. Joto la dunia likizidi, trauti si atapanda juu zaidi?

Hadi pale maporomoko au mwisho wa kijito unapomzuia. Mlima una kilele. Kwa hiyo vipande vya juu vyenye kivuli na chemchemi vihesabiwe na kulindwa sasa. Humo ndimo atakamobaki.

28. Nimevua trauti asiye na kile kipezi kidogo karibu na mkia. Nifanye nini?

Huenda ni samaki wa utafiti. Kukata kipezi hicho ni alama ya kawaida kwa sababu hakimzuii kuogelea. Mpime kutoka ncha ya mdomo hadi panda ya mkia, mpige picha akiwa majini, andika tarehe na sehemu, umrudishe. Peleka taarifa ofisi ya uvuvi ya kaunti. Kama amekwisha kufa, hifadhi kichwa kwenye barafu: kijiwe cha sikio kimo ndani, na kwa samaki ambaye siku aliyotiwa alama inajulikana, pete zake zinaweza kulinganishwa na muda halisi (swali la 14).